Gunzi na Sindano

Jumapili, 2 Juni 2024. Lushoto

Usiku wa nne sijalala. Saa nane nimeamka, nikaingia jikoni, nikachukua gunzi la mahindi kwenye kikapu cha kuwashia moto, nikarudi kitandani kujikuna mgongo kama ng'ombe aliyepata mti. Mke wangu akawasha tochi ya simu, akalitazama lile gunzi, akazima. Hakusema neno. Asubuhi kaloweka shuka kwenye maji ya chumvi, maana lilikuwa na vitone vya damu.

Baridi ya Juni imefika. Ukungu wa msitu wa Magamba umeshuka mpaka kwenye bati, na ngozi yangu imekauka kama gome la mkulo mkuukuu. Tanga kwenye joto na jasho huwa na nafuu kidogo, huku juu ndiyo balaa. Daktari alishanieleza sababu, na ni nyingi: fosforasi isiyopata njia ya kutoka, tezi za jasho zilizonyauka, neva za ngozi zinazopiga kelele bila kuguswa. Nimepewa mafuta ya kupaka, vidonge vya kumeza pamoja na chakula ili vizuie fosforasi, na gabapentini baada ya mashine ya kusafisha damu. Hiyo gabapentini hunilewesha. Wiki jana nilishuka ngazi za stendi nimeshika ukuta, kondakta akaniuliza, "Mzee, umeanza saa hizi?"

Miaka 34 nilikuwa bwana misitu. Siafu wameniingia mpaka kwenye suruali, upupu umenimwagikia kichwani. Upupu una mwisho: unajipaka majivu, unaoga, kesho umesahau. Muwasho huu wa figo sijaona kesho yake.

Jumanne, 4 Juni. Tanga

Saa nne nzima kwenye kiti. Kilo nilizoingia nazo 64.1, nilizotoka nazo 62. Ratiba yangu ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumatatu nashuka Mombo kwa kosta, nalala kwa binti yetu, Jumamosi jioni napanda tena mlimani. Zaidi ya kilomita 150 kila upande. Bila bima ya wastaafu ningekuwa nimeshauza shamba la viazi, kisha nyumba, kisha sijui nini.

Jambo moja haliachi kunishangaza. Mimi naruhusiwa nusu lita ya maji kwa siku na kidogo juu yake, chai na mchuzi vikihesabiwa humo. Mashine inayonisafisha damu hupitisha maji nusu lita kila dakika. Lita 120 kwa kikao kimoja, zote zinakwenda bombani. Nimetumia maisha yangu kulinda vyanzo vya maji vya Usambara, na sasa navinywa kwa mkono wa kushoto, kupitia mrija.

Jirani yangu wa kiti ni mzee wa Muheza, mcheshi. Kaniona nasugua kisigino kwenye chuma cha kiti, akasema, "Wewe tafuta Wachina wakutie sindano." Anasema alitiwa mwaka 1972, akiwa kibarua wa Reli ya Uhuru kambini Mang'ula. Mgongo ulikuwa umegoma kabisa. Daktari wa Kichina, bila Kiswahili zaidi ya "rafiki" na "pole", alimlaza kifudifudi akampanda sindano kama mtu anayepanda miche ya vitunguu. Siku ya tatu akarudi kubeba mataruma.

Nimemuuliza, kama hakubeba mataruma siku hizo mbili, mgongo si ungepona wenyewe? Kacheka mpaka mashine yake ikapiga kengele.

Jumatano, 5 Juni. Tanga

Binti yetu kanitafutia habari kwenye simu, nami nanakili yaliyo ya maana.

Timu za madaktari wa Kichina zilianza kuja Zanzibar mwaka 1964, kutoka jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara mwaka 1968, kutoka Shandong. Kwa hiyo tiba ya sindano si ngeni kwetu. Nakumbuka watu wa pwani tulipokuwa vijana wakisimulia sindano za hospitali ya Mnazi Mmoja kama wanavyosimulia majini. Baadaye, miaka ya tisini, vikaja vile vyumba vya "dawa ya Kichina" vya watu binafsi. Mwanaanthropolojia mmoja wa Oxford, Elisabeth Hsu, aliandika mwaka 2002 kwamba wagonjwa wa Tanzania walizisifia dawa hizo kwa kufanya kazi haraka. Wachina wenyewe, nasikia, huzisifia zao kwa upole na mwendo wa taratibu. Kila mtu husifia asichokuwa nacho nyumbani.

Kuhusu watu wa mashine kama mimi: mwaka 2016 wachambuzi wa Cochrane walikusanya tafiti 24, wagonjwa 1,787. Nyingi hazikuwa za sindano hata kidogo, zilikuwa za kubonyeza kwa vidole pointi zile zile. Kulikuwa na dalili za nafuu ya muda mfupi kwa uchovu, usingizi, huzuni na muwasho. Lakini ushahidi wameupa daraja la chini kabisa, kwa kuwa tafiti zilikuwa ndogo na zimefanywa ovyo ovyo.

Upo utafiti mmoja wa Taiwan wa mwaka 2005 umenivutia. Watu 40, wote wenye muwasho sugu wa figo. Nusu walitiwa sindano kwenye kiwiko, pointi iitwayo Quchi, mara tatu kwa wiki kwa mwezi. Nusu nyingine walitiwa sentimita mbili pembeni, pasipo na pointi, wala hawakujua. Wa kwanza muwasho wao ulipungua zaidi, hata miezi mitatu baadaye. Sentimita mbili! Sisi kwenye vitalu vya majaribio tulikuwa tunaacha safu nzima ya miti katikati ili mbolea ya huku isivuke kwenda kule. Ila wazo lao ni safi. Nimeliheshimu.

Alhamisi, 6 Juni. Tanga

Nimemuuliza daktari wa figo habari ya sindano leo wakati wa raundi. Nilitegemea atanifokea. Kakaa ukingoni mwa kiti changu, akahesabu kwa vidole.

Mkono wa kushoto usiguswe na mtu yeyote, kwa sindano yoyote. Fistula ndiyo uhai wangu. Hapo mshipa wa damu itokayo moyoni umeunganishwa na ule wa kurudi, ukiweka sikio unasikia mvumo kama mto wa Soni ukiwa mbali. Ikiingia vijidudu au ikiziba, tunaanza upya kutafuta pa kuchoma.

Siku ya mashine nisiende, kwa kuwa ninakuwa na heparini mwilini na damu haigandi upesi. Niende siku ya katikati.

Sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele ya macho yangu, zitupwe mbele ya macho yangu. Homa ya ini haina haja ya tundu kubwa.

Na nikipewa unga, chai, kidonge au majani, nikatae, nimpigie simu. Hapo alirudia mara mbili.

"Itanisaidia?" nikamuuliza.

"Inaweza, mzee wangu. Haitakufufulia figo. Ukilala masaa mawili zaidi mimi sitagombana nawe."

Jumapili, 9 Juni. Lushoto

Siku ya gulio. Nimepita polepole kati ya karoti na maparachichi, nikivitazama kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mchumba wa zamani. Parachichi sili, ndizi sili, viazi vinachemshwa mara mbili na maji kumwagwa mpaka vinabaki na ladha ya karatasi. Makande, chakula nilichokulia, kwa potasiamu na fosforasi yana makosa yote mawili kwa pamoja.

Shemeji yangu kanishika mkono pale gulioni, kwa bahati nzuri wa kulia. Anamjua mtu wa hijama, anatoka Korogwe kila mwezi. "Damu chafu ndiyo inakuwasha, shemeji. Itolewe." Nimemwambia damu yangu husafishwa mara tatu kwa wiki, na upungufu wa damu ninao tayari, nachomwa sindano ya kuiongeza. Nikimwaga kikombe kwenye chuku, nani atanirudishia?

Lakini hoja yake si ya kipumbavu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na pembe ya kuumikia, imeng'aa kwa kushikwa. Mganga wa enzi zile alijua pa kuchanja: juu ya nyusi kwa kichwa, pembeni mwa goti kwa mguu. Walikuwa na ramani ya mwili, kama Wachina, ila yao haikuandikwa. Sisemi ramani ni sahihi. Nasema tu watu wengi duniani wamefika kwenye wazo hilo hilo: unachokoza hapa ili utulize pale.

Jumatano, 12 Juni. Tanga

Nimekwenda. Chumba kidogo juu ya duka la vifaa vya umeme. Mtaalamu ni dada wa mazoezi ya viungo aliyesomea China, umri wa binti yetu. "Shikamoo, babu. Mkono wa mashine ni upi?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, na likanituliza kuliko cheti kilichopo ukutani.

Nilijiandaa kwa maumivu. Nimejidanganya. Sindano za mashine ni nene karibu na njiti ya kiberiti, mbili kila kikao, 312 kwa mwaka. Hizi zake ni unywele wa chuma. Ya kwanza imeingia mwisho wa mkunjo wa kiwiko cha kulia, upande wa nje. Sikuihisi mpaka alipoizungusha: ukaja mzizimo mzito, kama mtu anayevuta uzi ndani ya nyama mpaka kwenye kidole cha shahada. Nyingine vidole vinne chini ya kila goti. Nyingine juu ya vifundo vya miguu. Nikaachwa dakika ishirini na feni.

Nilisinzia. Hilo nalo lisihesabiwe sana: chumba kilikuwa na utulivu, na mtu asiyelala usiku husinzia hata msibani.

Kaandika kila sindano aliyoingiza na kila aliyoitoa. Nane, nane. Nimelipa elfu thelathini.

Ijumaa, 14 Juni. Tanga

Mara ya pili. Usiku uliopita: kulala saa tatu na nusu. Nimeanza jedwali nyuma ya daftari hili, siku za mwanzo wa Juni nikizijaza kwa kumbukumbu, kama lile la mvua tulilokuwa nalo ofisini. Safu ya kwanza kilo, ya pili masaa ya kulala, ya tatu muwasho kwa alama kumi, ya nne mengineyo.

Jumatatu, 17 Juni. Lushoto, Idd el-Hajj

Pilau nimekula vijiko saba. Nyama vipande viwili, mke wangu akivihesabu kwa macho. Wajukuu wamekuja wote. Nimekunywa soda nusu glasi kwa siri nyuma ya zizi, mjukuu wa miaka sita akanikuta, tumekubaliana bei.

Leo sikushuka, nitashuka alfajiri.

Jumanne, 18 Juni. Tanga

Idd nimeilipa. Niliingia na kilo 65.3. Wametoa maji mengi kwa saa chache, na saa ya tatu msuli wa paja ukabana kama kamba ya mbao inayokazwa. Nililia kwa sauti, sioni aibu kuandika. Muuguzi kanikunja mguu, wakapunguza kasi, ikapita.

Mzee wa Muheza kasema zamani wangenipa kwinini kwa hali hiyo, na ni kweli. Daktari anasema wameiacha kwa jambo hili, maana inaweza kuharibu chembe za kugandisha damu na mapigo ya moyo. Nimewaza Amani, kule Usambara ya Mashariki, Wajerumani walikoanzisha taasisi yao mwaka 1902 na kupanda mikwinini. Niliwahi kutumwa huko kikazi. Unakwangua gome kwa kucha, unaonja, uchungu hauondoki ulimini hadi jioni. Dawa iliyotoka kwenye gome, ikaponya malaria ya dunia nzima, na bado mtu mwenye akili akakaa chini kupima: kwa huyu inafaa, kwa huyu itamuua. Hicho ndicho ninachokitaka kwa kila dawa, iwe ya Ulaya, ya China au ya Usambara.

Ijumaa, 21 Juni. Tanga

Mara ya nne. Nimechelewa kwa dada wa sindano kwa sababu ya habari ya jana, ambayo sikupata nguvu ya kuiandika.

Kijana wa kiti cha nne, mwendesha bodaboda, hakuonekana Jumamosi wala Jumanne. Jana kaletwa na bajaji akiwa amekaa wima, hawezi kulala chali, anahema kama aliyekimbia kutoka Mombo hadi Soni. Uso umevimba. Potasiamu iko juu mno. Wamemweka kwenye mashine kabla yetu sote, na hakuna aliyelalamika kusubiri.

Mtu mmoja alimuuzia sindano pamoja na mitishamba, kifurushi cha wiki tatu. Sharti: aache mashine, kwa kuwa "mashine inazifanya figo ziwe vivu". Alilipia kwa kuuza pikipiki.

Sitaki kujua mtu huyo ni nani, ningemfuata. Ila niandike hili ili nisilisahau: Brussels, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wanawake walipewa mitishamba ya Kichina ya kupunguza unene katika kliniki nadhifu. Ndani yake mlikuwa na mmea wa jamii ya aristolokia. Zaidi ya mia moja wakaharibika figo. Kisa kiliandikwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 1993. Walikwenda kupunguza kilo. Hata huku kwetu, birimbi lile la achari, ukikamua juisi yake ukainywa kwa vikombe, lina asidi ya kutosha kuziba figo nzima, imetokea India. Jani halina dini. Halijui kama wewe ni mtu wa kwao.

Nimemsimulia dada wa sindano. Kaacha kazi, kakaa. "Babu, watu kama hao wanatufungia mlango sisi." Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea: yeye mwenyewe hajui kwa nini pointi ya kiwiko itulize ngozi ya mgongo. Chuoni walifundishwa habari ya joto na upepo kwenye damu. Vitabu vingine vinasema neva na kemikali za ubongo za kupunguza maumivu. Anachomoa la kila upande linalomfaa. Nimempenda zaidi kwa hilo.

Jumamosi, 29 Juni. Njiani, naandika Korogwe gari likijaza mafuta

Sita zimetimia. Jedwali linasema hivi: wiki ya mwanzo ya Juni nililala wastani wa saa mbili na robo, wiki hii saa nne na nusu. Muwasho ulikuwa nane, sasa ni tano.

Bwana misitu aliyemo ndani yangu hakubali. Kwanza, binti yetu aliniletea mafuta mazito ya kupaka tarehe 15. Pili, vidonge vya kuzuia fosforasi nilikuwa naviruka, na tangu Idd nimetishika, navimeza vyote. Tatu, kuna mtu mara mbili kwa wiki ananisikiliza nusu saa bila kutazama saa. Nne, sindano. Umepanda mche, umeweka mbolea, umeongeza maji na umeng'oa magugu siku moja. Ukistawi utasema kipi?

Uamuzi: wiki ijayo hakuna sindano. Mengine yote yabaki yalivyo.

Jumapili, 7 Julai. Lushoto, Saba Saba

Wiki bila sindano. Wastani wa kulala: saa tatu na dakika arobaini. Muwasho sita na nusu. Haukurudi kule kwenye nane.

Ni mtu mmoja na wiki moja, na baridi imezidi. Jana usiku maji ya ndoo yalikuwa yanauma meno. Lakini nikilazimishwa kusema: mafuta na vidonge vimefanya nusu ya kazi, sindano zimeongeza kipande. Kipande hicho, kwa mtu wa gunzi, kina thamani ya elfu sitini kwa wiki? Kwa pensheni yangu, hapana. Dada mwenyewe ndiye aliyenionyesha njia nyingine: bonyeza. Pointi zile zile, kidole gumba, dakika tatu kila moja, mpaka uusikie ule mzizimo. Alizichora kwa kalamu ya wino kwenye mguu wangu, nikasafiri na madoa hayo kama ramani ya mipaka ya hifadhi.

Mke wangu kaanza jana. Ana gumba la mtu aliyepukuchua mahindi miaka arobaini. Kwenye mguu nilipiga kelele. "Kumbe ni hapa tu?" akasema. "Bibi yangu alikuwa anatubonyeza hapo tukitapika." Hakuwahi kuniambia. Miaka yote hiyo!

Alhamisi, 11 Julai. Tanga

Nimempigia dada wa sindano kumshukuru na kumwambia nitakuwa naenda mara moja kwa mwezi. Hakununa. Kijana wa bodaboda amerudi kiti cha nne, mkimya. Mzee wa Muheza anamfundisha bao kwa kokoto.

Nimemwambia daktari matokeo yangu na kumwonyesha jedwali. Kalipiga picha. Kasema gabapentini tuipunguze nusu, tuone.

Jumapili, 14 Julai. Lushoto

Kilo 62.4 asubuhi. Kulala saa nne na robo. Saa tisa usiku mgongo uliwasha, nikaenda jikoni kutafuta gunzi. Kikapu kitupu, mke wangu ameyawashia moto yote. Nimetumia mwiko.